Shujaa Aliyeipiga Magubani

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimewauliza watu wa serikali zaidi ya mara moja, nao wamenihakikishia kwa upole kwamba haipo, haijawahi kuwapo, na kwamba nikizidi kuuliza na mimi sitakuwapo. Kwa hiyo msomaji akae kwa amani. Akimwona humu mtu anayefanana na mjomba wake aliyepata cheo, hayo ni ya mjomba wake.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na Mlezi wa Taifa. Alikuwa amewalea wananchi kwa muda mrefu sana, hata wengine walizeeka na kuzikwa wakiwa bado wanalelewa. Mlezi alikuwa na jeshi la nchi kavu, ambalo lilikuwa limeshinda vita vyote lilivyopigana na wananchi. Alikuwa na jeshi la majini, ambalo lilikuwa bado linasubiri bahari. Na alikuwa na Kikosi cha Anga, ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu, kwa sababu hakuna kikosi kilichotoa shujaa kama kile.

Kikosi cha Anga kilikuwa na ndege mbili. Ya kwanza ilikaa juu ya nguzo ya zege kwenye kipilefti, ule mzunguko wa magari wa katikati ya mji mkuu, na kila mwaka ilipakwa rangi upya. Ya pili ililetwa na wafadhili ili nchi ichorewe ramani. Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye tundu tumboni, na ndani ya tundu hilo palifungwa kamera kubwa.

Rubani wake aliitwa Luteni Mabruki Singano, kijana mpole mwenye masikio makubwa, aliyependa kazi yake. Kila asubuhi wenzake walimuuliza, "Singano, leo unapiga wapi?" naye akajibu, "Leo napiga mto," au, "Leo napiga milima ya kaskazini." Jioni walimuuliza, "Umepiga?" naye akasema, "Nimepiga, bado kusafisha." Filamu ikapelekwa chumba cha giza ikasafishwa, na mto ukaonekana wote, na madaraja yake yaliyovunjika. Neno picha halikuwa na haja ya kutajwa pale kikosini. Muuza chai naye hamwambii mteja kwamba chai ni ya kunywa.

Siku moja Jemadari Lukindo, mkuu wa majeshi yote, alikuja kukagua ndege ile. Aliinama kwa shida, maana tumbo lilikuwa na cheo chake, akaona tundu.

"Hili tundu la nini?"

"La kupigia, afande," alijibu Singano.

"Linapiga vizuri?"

"Vizuri sana, afande. Nikiwa juu vya kutosha, napiga kijiji kizima kwa mara moja."

Jemadari aliinuka, akamtazama kijana yule kwa muda, na wasaidizi wake wanasema machozi yalimlengalenga. Kwa miaka yote aliyokuwa Jemadari hakujua kama ana silaha ya namna hiyo. Akaondoka bila kuuliza zaidi, kwa sababu mkubwa anayeuliza sana huonekana hajui.

Haukupita muda mrefu, Mlezi akafanya ziara ya kuwatembelea wananchi wake, akafika kijiji kinachoitwa Magubani. Wanakijiji walisimama juani tangu asubuhi, wakaimba na kupiga vigelegele. Mlezi akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, na wakati huohuo mbuzi mmoja wa pale kijijini akatafuna waya.

"Wananchi wa Magubani, mnanisikia?" aliuliza Mlezi.

Kijiji kizima kikajibu kwa sauti moja, "Hatusikiiii!"

Mlezi akadhani wanatania. Akauliza tena, wakajibu tena, safari hii na watoto. Aliyenunua mashine ya sauti alikuwa shemeji wa Waziri wa Habari, kwa hiyo Waziri wa Habari aliyeuona waya umekatika aliona ni busara kutazama mawingu. Mlezi akashuka jukwaani uso umemwiva.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia mawaziri wake garini. "Wanakiri hadharani kwamba hawasikii. Mtoto asiyesikia hufanywaje?"

"Hupigwa," walisema mawaziri.

Jioni ile simu ililia kiwanjani. Jemadari Lukindo mwenyewe alikuwa upande wa pili. "Singano, kesho kapige Magubani."

Luteni Singano alifurahi hadi akasimama. Magubani ndiko alikozaliwa. Mama yake mzazi, Bi Hadia, alikuwa hukohuko na kuku wake na shamba lake la mihogo, na hakuwahi kumwona mwanawe akiwa kazini.

"Yote, afande?"

"Yote. Isibaki nyumba hata moja."

"Na mazizi ya mbuzi?"

Jemadari akahamishia simu sikio la pili. Hata yeye hakufikiria kufika huko. "Na mazizi," alisema.

Kesho yake Singano alikisugua kioo cha kamera kwa kitambaa safi, akaruka. Juu ya Magubani anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Watu walitoka majumbani wakisikia mngurumo. Alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, na hapo akamwona mama yake katikati ya uwanja wa shule. Bi Hadia alikuwa amevua kanga begani na kuipunga kwa mikono miwili. Singano akarudi mara ya tatu, chini zaidi, kwa ajili yake peke yake.

Alipotua akapiga simu kutoa taarifa.

"Umepiga?" aliuliza Jemadari.

"Nimepiga, afande. Mara tatu."

"Nyumba?"

"Haikubaki hata moja."

"Na watu?"

"Watu walitoka nje wenyewe, afande. Niliwapata vizuri sana. Wengine walikuwa wanacheka. Kuna mama mmoja nilimpata ameinua kanga."

"Ameinua kanga? Anasalimu amri?"

"Hapana, afande. Anasalimu tu."

"Na wewe ukampiga?"

"Nilirudi nikampiga tena, peke yake. Yule ni mama yangu."

Jemadari Lukindo alikuwa amepindua serikali mbili za nchi jirani na kumzika mkwe wake akiwa bado anazungumza, lakini siku ile aliweka simu chini akatafuta kiti.

Sherehe ya kumpongeza ilifanyika uwanja wa taifa. Singano alivaa magwanda mapya, akadhani amepewa zawadi kwa ajili ya ramani. Alisimama kikakamavu mpaka msomaji wa sifa alipofika mahali pa "kukifuta kijiji cha waasi bila kubakiza kiumbe." Hapo ndipo alipoelewa. Jemadari alikuwa mbele yake anamchomekea pini kifuani.

"Afande," alinong'ona Singano, "zilikuwa picha. Nilipiga picha. Watu wako hai."

Jemadari hakuacha kutabasamu, kwa sababu televisheni ilikuwa inaonyesha. "Sikiliza, kijana. Ama umeipiga Magubani, na hii ni nishani. Ama umeamriwa ukapige kijiji, wewe ukaenda kukipiga picha, na nyuma ya ghala la viatu kuna ukuta. Chagua kabla wimbo wa taifa haujaisha."

Wimbo wa taifa la nchi ile ulikuwa mrefu, maana kila mwaka wa ulezi uliongezewa ubeti, lakini Singano hakuhitaji kuusubiri. Alikuwa na umri mdogo na aliupenda uhai wake, kosa ambalo nimeliona hata kwa watu wazima. Akapiga saluti.

Ile ya kwanza iliitwa Nishani ya Radi ya Kimya, kwa kuwa vijiji vya jirani vilihojiwa na vyote vikasema havikusikia mlio wowote, jambo lililothibitisha kwamba silaha ilikuwa ya kisasa. Ya pili alipewa palepale na Mlezi mwenyewe, kwa mkono wake, ikiitwa Nishani ya Mwana Mwema. "Wengine wanasema wanalipenda taifa," alisema Mlezi. "Huyu amempiga mama yake mzazi." Uwanja mzima ukapiga makofi. Akina mama waliokuwapo waliwatazama watoto wao kwa jicho jipya.

Ikaamuliwa pia kwamba rubani wa thamani kama yule asihatarishwe tena kwa kurushwa angani. Ndege yake nayo ilipandishwa kwenye nguzo, kwenye kipilefti cha pili, jinsi ilivyotua, na filamu ikiwa bado tumboni. Na ili siri ya silaha isivuje, neno picha likafanywa siri ya jeshi. Mwanajeshi yeyote wa anga atakayelitamka ataonyeshwa ule ukuta wa ghala la viatu. Tangu siku hiyo Singano alipanda vyeo mfululizo, Kapteni, Meja, Kanali, bila kunyanyua mguu kutoka ardhini. Kila cheo kilikuja na nishani yake. Fundi cherehani wa jeshi alilazimika kushonea ubao mwembamba ndani ya koti lake, upande wa kushoto, ili kifua kisimwinamie.

Sasa, kijiji kikishapigwa na shujaa wake akishavalishwa nishani, hakiwezi tena kuwapo. Hilo ni jambo la utaratibu, na nchi ile ilikuwa na utaratibu mzuri sana. Magubani ikaondolewa kwenye ramani. Mganga wa zahanati akaitwa makao makuu, akakemewa kwa kuwatibu marehemu kwa dawa za serikali, akahamishwa. Mwalimu akahamishwa. Zahanati ikatiwa kufuli.

Mwanzoni watu wa Magubani walifurahi. Mtoza kodi hakuja. Michango ya chama haikuja. Hata Mlezi hakuja, na mbuzi wakatafuna walichotaka. Kisha ikaja surua. Wakatuma wajumbe wilayani kuomba dawa, wakapokelewa na karani mwenye heshima zake.

"Mnatoka wapi, wazee wangu?"

"Magubani."

Karani akavua kofia. "Poleni sana kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wenu."

Walijaribu kumweleza. Mmoja alijifinya mkono mbele yake apate kuona damu ikitembea. Karani aliona, akakubali kwamba ni damu, lakini akasema yeye si mtu wa kumvua Kanali nishani aliyovishwa na Mlezi. Wakarudi mikono mitupu. Mwaka ule Magubani ilizika watoto wengi, na hakuna ofisi iliyoandika kifo hata kimoja, kwa sababu mtu hafi mara mbili.

Bi Hadia ndiye aliyefunga safari kwenda mji mkuu. Mlinzi wa nyumba ya Kanali alimzuia getini, akamwambia kwamba mama wa Kanali alikufa kishujaa, akamwonyesha na jina lake lilivyochongwa ukutani. Bi Hadia alilitazama jina lake, akasema wamelichonga vizuri, kisha akapaza sauti ile ambayo kila mtoto aliyelelewa vizuri anaijua. "Mabruki! We Mabruki!" Kanali akatoka mbio, nishani zikilia kifuani kama vijiko ndani ya kapu.

Alimwingiza ndani, akafunga madirisha. Mama alikaa kwenye zulia, akavikataa viti.

"Huko njiani watu wananiambia umenipiga," alisema. "Umenipiga, mwanangu?"

"Nimekupiga, mama." Akainama hadi kwenye sikio lake. "Picha."

Bi Hadia akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, ileile aliyoipunga. "Basi nilijua. Nikawaambia, yule hana mkono wa kupiga mtu, hata kuku alikuwa ananiita mimi nimchinjie." Kisha akaacha kucheka. "Mabruki, watoto wanaisha. Wa Mwanaidi wote wawili. Wa Tabu, yule kitinda mimba. Waambie tuko hai, baba. Wewe si mkubwa?"

Kanali alitazama sakafu. "Kaa hapa na mimi, mama. Hapa kuna daktari."

"Na wale nimwachie nani? Na kuku?" Akajifunga kanga vizuri. "Hiyo picha yenyewe iko wapi?"

"Haijasafishwa. Imo ndani ya ndege, kwenye nguzo."

"Si wakiiona wataona tunacheka? Wafu hawachezi uwanjani. Nisafishie, mwanangu. Na mimi nijione. Maisha yangu yote sijawahi kujiona nikipunga."

"Nitakusafishia, mama," alisema Kanali Singano. Ninayajua maneno hayo kwa sababu mlinzi aliyasikia, na mlinzi wa nchi ile hulipwa kwa kusikia.

Tangu siku ile Kanali hakupata raha. Alikwenda kwa Jemadari akavua nishani zote akaziweka mezani, akasema hazistahili. Akapewa Nishani ya Unyenyekevu, Daraja la Kwanza. Akaandika kujiuzulu, wakampandisha kuwa Brigedia Jenerali. Alikwenda kwenye kipilefti kutaka kupanda nguzo mwenyewe, askari wa zamu wakamshusha kwa heshima, wakasema shujaa ana uchungu na ndege yake. Kila alikogeuka alikuta sifa.

Ikafika Sikukuu ya Kulelewa, ambapo kila mwaka Mlezi humwita shujaa mmoja na kumruhusu aombe jambo lolote mbele ya taifa. Mwaka ule akaitwa Singano. Alikuwa amejiandaa. Aliyapanga maneno yake kwa siku nyingi, akayapima, akaliondoa lile neno moja la siri ili asipelekwe ukutani kabla hajamaliza kusema. Kipaza sauti siku hiyo kilikuwa kizima.

"Mheshimiwa Mlezi," alisema, na watu walimsikia hadi nje ya uwanja. "Mimi sitaki cheo wala nishani. Nina ombi moja. Magubani niliipiga tu. Haikusafishwa. Mpaka leo haijasafishwa, na hilo linaninyima usingizi. Naomba isafishwe, Mheshimiwa. Isafishwe yote, pamoja na mama yangu, kila mtu aone ukweli."

Mlezi alisimama taratibu, akamwendea, akamkumbatia hadi nishani zikamkwaruza shavu.

"Mnaona?" aliliambia taifa. "Tulipiga, tukasahau kusafisha. Ndiyo maana kila siku naletewa habari za watu huko wanaodai wako hai. Ameona kijana huyu, sisi wazee hatukuona." Akamgeukia Jemadari. "Isafishwe leo."

Na Singano, ndugu msomaji, alilia kwa furaha. Walioona wanasema hawajawahi kumwona mtu mzima akishukuru namna ile. Aliwashika mkono mawaziri wote, mmoja mmoja, hata yule wa Habari.

Hakusubiri sherehe iishe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipilefti, akasimama chini ya ndege yake kuwasubiri watu wa ngazi, waje waifungue tumbo na kutoa filamu. Alikuwa amenunua na fremu, ya mbao, ya kutundikwa kwenye kuta za udongo. Badala ya watu wa ngazi yakaja malori. Yalikuwa mengi, yamejaa askari, yanazunguka kipilefti na kushika barabara ya Magubani. Kila lori lililompita askari wake walimpigia saluti. Naye akazirudisha, akidhani jeshi zima limefurahi pamoja naye.

Jioni redio ikatangaza kwamba Magubani imesafishwa yote, kama alivyoomba mwenyewe. Singano alikuwa bado amesimama palepale na fremu yake. Waliompitia wanasema hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye majani ya kipilefti, akavua kofia, akaiweka miguuni, akaanza kumwita mama yake kwa sauti ndogo, huku magari yakizunguka. Nakiri kwamba nikifika hapa na mimi huwa nashindwa kueleza kwa nini mtu aliyetimiziwa ombi lake na serikali alie vile.

Alipewa Nishani ya Usafi. Kifua kikiwa hakina tena nafasi, walimchomekea mgongoni.

Siku hizi ni Jenerali mstaafu, mzee kabla ya wakati wake. Kila siku jioni huvaa nishani zote, mbele na nyuma, akaenda kusimama chini ya ndege ile nyeupe na kupiga saluti juu, kwenye tundu. Wageni hudhani anasalimia bendera. Humo tumboni bado yumo Bi Hadia, kanga mikononi, na Mwanaidi na watoto wake wawili, na mbuzi, wote wanacheka, wote gizani. Jua la nchi ile ni kali, na wanaojua mambo ya filamu wanasema kufikia sasa itakuwa imeungua. Hakuna aliyepanda kuhakikisha.

Neno picha nalo, kwa usalama zaidi, limekatazwa kwa raia pia. Watu wamelizoea hilo, kama walivyozoea mengine.

Juzi walikuja pale maharusi, wametoka kufunga ndoa, bibi harusi bado ana maua kichwani. Wakamwona mzee mtanashati mwenye nishani nyingi, wakampenda. Bwana harusi akamkabidhi kamera yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wetu. Tunaomba utupige."

Jenerali hakupokea.

"Tupige, baba," alisema bibi harusi kwa bashasha, akijiegemeza kwa mumewe. "Tupige wote wawili, tutokee vizuri."

Mzee aliificha mikono yake nyuma ya mgongo, ikagonga ile Nishani ya Usafi. "Kimbieni, wanangu," alisema. "Kimbieni."

Maharusi wakacheka, wakajua mzee keshachoka. Kando ya nguzo palikuwa na askari kijana wa zamu, mwenye sura ya kusaidia watu. Wakamwendea yeye, wakasimama mbele yake wameshikana mikono, wakamwomba awapige, naye akasema bila shaka, akawapiga.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikusikia mlio wowote, kwa hiyo nadhani ilikuwa picha.